Bibo Lisilopanda Ngazi

Sahani ya jioni mjini Ruangwa ina ugali, maharage, kachumbari ya nyanya, na pilipili moja iliyolazwa pembeni kwa anayeiweza. Nje, kando ya barabara, hindi linageuzwa juu ya mkaa, kisha linapakwa ndimu, chumvi na pilipili ya unga. Anayetaka tunda atapata papai, au parachichi msimu wake ukifika. Ukiondoa kitunguu, ndimu na chumvi, karibu kila kilichopo mezani hapo kina chimbuko lake Meksiko na nchi za jirani yake. Wakulima wa bonde la mto Balsas, kusini-magharibi mwa Meksiko, ndio walioanza kuyalea mahindi yapata miaka 9,000 iliyopita, kutokana na nyasi ya porini ambayo punje zake zisingemshibisha hata mtoto. Pilipili, maboga na parachichi navyo vililelewa na watu wa huko, vizazi kwa vizazi. Baada ya mwaka 1492 mazao hayo yakaanza kuvuka bahari. Wareno, ambao Vasco da Gama aliwafikisha pwani yetu mwaka 1498 na ambao waliivamia Kilwa mwaka 1505, walikuwa miongoni mwa walioyaleta upande huu wa dunia.

Yamekaa kwetu muda mrefu kiasi kwamba bibi yangu, Mmwera wa Nachingwea, asingekubali kuambiwa kuwa hindi ni mgeni. Nami namuunga mkono. Mmea ni wa aliyeupalilia, akaujulia mvua yake, akaula na kuuzikia watu wake. Hatudaiwi na mtu yeyote kwa sababu ya ugali.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo watu wa Meksiko wameifanyia mimea yao, nasi hatujaifanyia yetu. Nililiona wazi jioni moja juu ya paa la hoteli fulani jijini Dar es Salaam, kwenye baa iliyopambwa kwa sura ya Meksiko. Kuta zilipakwa rangi ya udongo mwekundu. Dungusi kakati zilipangwa kwenye vyungu, na karatasi za rangi zilizotobolewa maua zilining'inia juu ya vichwa vya wateja. Bilauri zilikuja na chumvi na pilipili ukingoni. Chini yetu meli zilikuwa zimewasha taa zikisubiri zamu ya bandari. Palikuwa pazuri, na watu walikuwa wamevaa vizuri kwa ajili ya mahali hapo.

Mhudumu, kijana mwenye adabu na anayeijua kazi yake, aliinama kunieleza orodha ya vinywaji. "Kaka, hii mmea wake unakaa shambani miaka saba ndiyo unavunwa," alisema. Akanionyesha chupa nyingine, akataja nyanda za juu ilikotoka na udongo wake mwekundu. Alizungumza kama mtu anayeeleza ukoo. Meza zote zilizonizunguka zilikuwa zikiagiza kwa jina la mji: Tequila, mji mdogo wa jimbo la Jalisco, wenye mashamba, viwanda vya kukamua na wakulima wanaoamka alfajiri. Ni mji ambao kwa asili yake haukuwa na cha kuizidi Nachingwea. Na hapo juu, kwenye nchi yangu mwenyewe, hapakuwa na chochote ambacho mtu angeweza kukiagiza kwa jina la Nachingwea.

Tangu jioni hiyo nimekuwa nikitafuta sababu, na nimeona kwamba haimo kwenye utamu wa kinywaji.

Kabla Wahispania hawajafika, watu wa Meksiko ya kati walikuwa wakikinga utomvu wa mgave, mmea ambao jamii yake ndiyo inayotoa tequila leo, wakauacha uchachuke, wakapata pombe nyeupe, nzito kidogo, iitwayo pulque. Ilikuwa pombe ya ibada na ya wazee. Ukeneko ulikuja baadaye. Wapo wanahistoria wanaosema kwamba sehemu ya ujuzi huo ililetwa na mabaharia kutoka Ufilipino, waliofika pwani ya magharibi ya Meksiko kwa merikebu za Manila na kuanza kugema minazi katika eneo la Colima, kama wagema wa Lindi na Mikindani wanavyopanda minazi yao. Kwa hiyo hata Meksiko iliazima. Mwaka 1785 mfalme wa Uhispania alipiga marufuku pombe kali zilizotengenezwa katika koloni lake hilo, ili watu wanunue za kutoka kwao Ulaya. Watu wakaendelea kukeneka mafichoni. Mwaka 1795 ukoo wa Cuervo ukapewa kibali cha kutengeneza na kuuza.

Ilikuwa pombe ya wanyonge, ya kufichwa, ya kudharauliwa na mabwana. Iliyoiinua ni kazi ya pole pole ya watu walioamua kwamba kilichotoka shambani kwao kina haki ya kuitwa kwa jina la kwao. Mwaka 1974 serikali ya Meksiko ilitangaza kwamba jina la tequila litalindwa: leo hakiitwi hivyo kinywaji kilichotengenezwa nje ya Jalisco na sehemu zilizotajwa za majimbo mengine manne. Mwaka 1994 kikaundwa chombo cha kusimamia ubora, kinachokagua kuanzia shamba hadi chupa. Mwaka 2006 UNESCO ikayaingiza mashamba ya mgave na viwanda vikongwe vya Tequila katika urithi wa dunia. Kufikia 2022 Meksiko ilikuwa inauza nje zaidi ya lita milioni 400 kwa mwaka. Jina hilo lilipofika Dar es Salaam na kupanda lifti hadi juu ya paa, lilikuwa limesindikizwa na sheria, wakaguzi na karne nyingi za ukaidi.

Ndugu wa mgave huo tunaye, tena kwa miaka mingi. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanganyika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yalizuka mashamba ya Tanga, Morogoro na Lindi, na kufikia miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge, ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Lakini mkonge ulikuja kama kamba. Manamba walikata majani, singa zikasafirishwa, na hakuna aliyeuliza kama mmea huo una kingine cha kumpa mtu. Mahindi nayo yalikuja vivyo hivyo, bila maarifa yake. Meksiko huyachemsha kwa chokaa kabla ya kusaga, na chokaa hiyo hukifungua kirutubisho ambacho mwili hauwezi kukipata kwenye hindi kavu. Mahali pengi duniani ambako masikini walikula mahindi matupu bila ujuzi huo waliugua pelagra. Mmea unaweza kuvuka bahari na kuacha nusu ya elimu yake bandarini.

Mkorosho wetu umepitia njia hiyohiyo.

Ulitoka Brazili. Wareno waliupeleka Msumbiji na Goa katika karne ya 16, na kutoka Msumbiji ukasambaa hadi upande huu wa Ruvuma. Leo ukifika Nachingwea au Ruangwa mwezi Oktoba, harufu ya mabibo, matunda ya mkorosho, itakupokea kabla hujaona mti. Hapo utasikia mazungumzo ya mwaka mzima kwa sentensi chache: salfa ilichelewa au iliwahi, ubwiri unga ulishambulia au haukushambulia, mnada wa kwanza utafungua kwa bei gani. Mkulima ameshapalilia, amepulizia, ameamka kabla ya jua kuokota zilizoanguka usiku. Korosho ataianika, ataijaza kwenye gunia, ataipeleka chama cha msingi. Kutoka hapo itaingia ghalani, na RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kitaipeleka mnadani. Mwenye shida ya haraka ameshauza kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi, tangu Julai, mti ukiwa bado una maua, kwa bei inayomuumiza. Sehemu kubwa ya korosho hiyo itasafiri ikiwa ghafi hadi India na Vietnam.

Ni zao lililojua kuanguka na kuinuka. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000. Kisha watu wakahamishiwa vijijini, mikorosho ikabaki mbali bila mtunzaji, ugonjwa ukaingia, na katikati ya miaka ya 1980 mavuno yakashuka chini ya tani 20,000. Watafiti wa kituo cha utafiti cha Naliendele na wakulima wenyewe wakairudisha. Msimu wa 2017/18 mavuno yalivuka tani 300,000. Wanaosema watu wa kusini hawana subira ya kulea kitu hawajawahi kuona mkulima akipulizia mikorosho.

Sasa tuliangalie bibo. Kila korosho huning'inia chini ya bibo, na bibo lina uzito wa angalau mara tano ya korosho yake. Hesabu ni nyepesi: korosho tani 300,000 zimeacha nyuma mabibo tani milioni moja na nusu, kwa kadirio la chini. Ni tunda lenye maji mengi, tamu lenye ukakasi, lenye vitamini C mara kadhaa zaidi ya chungwa. Likishaanguka halikai, kesho yake limeanza kuchacha. Mkulima hulinyonyoa korosho, akalitupa chini ya mti. Mbuzi hula kidogo, nyuki hula kidogo, mengine huwa udongo. Katika mlolongo mzima wa ghala, stakabadhi na mnada, hakuna mstari hata mmoja wa kuandikia bibo.

Waliokataa kulitupa ni wanawake. Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Aliyachagua mabibo yaliyoiva bila kuoza, akayaosha, akayaponda kwenye kinu, akayakamua na kuyachuja kwa kitambaa. Siku ile ile maji yake yalikuwa sharubati ya watoto. Kesho yake yalikuwa uraka, na uraka ulikuwa wa wakubwa. Nilipotaka kuonja mapema aliniambia, "Mjukuu wangu, leo kunywa, kesho usiguse." Alijua saa ya kubadilika kwake kwa harufu na kwa mlio wa povu. Kwa fedha za kuuza uraka wa msimu alinunua sare za shule. Walioketi jioni kwenye vigoda chini ya mkorosho wake, wakipokezana kata na kuzungumza habari za mashamba na misiba, walikuwa kwenye baa yao yenye heshima zote, ingawa hakuna aliyeipamba.

Uraka ukikenekwa unakuwa nipa, ambayo kwingine huitwa gongo. Hapa lazima niseme kweli yote. Sheria ya mwaka 1966 inakataza kutengeneza na kuuza pombe ya moshi bila leseni, na sheria hiyo haikutungwa bure. Mtambo wa sufuria na bomba hauna kipimo. Mkono mmoja ukikosea, au mwenye tamaa akiongeza kitu, watu hupofuka na wengine hufa. Nimeona pia kijana aliyekuwa hodari shambani akiisha taratibu kwa nipa. Siwezi kuisifia kana kwamba hayo hayapo. Lakini marufuku peke yake imetuachia hali mbaya mara mbili: nipa inaendelea kutengenezwa gizani bila mkaguzi, na ujuzi mzuri wa uraka umefungiwa humo humo gizani pamoja nayo.

Goa inatuonyesha kwamba haikulazimu iwe hivyo. Mkorosho wa Goa na mkorosho wetu ni uzao mmoja, umepelekwa na Wareno wale wale kutoka Brazili ile ile. Watu wa Goa nao walikamua mabibo, wakakeneka, wakapata feni, na feni nayo ilikuwa pombe ya kijijini iliyokunjiwa pua mijini. Mwaka 2009 feni ya Goa ilisajiliwa kisheria kuwa kinywaji kinachotambulishwa kwa mahali pake, na mwaka 2016 serikali ya jimbo hilo ikaitangaza kuwa urithi. Kuna leseni, kuna vipimo, kuna chupa yenye lebo. Mgeni anayeshuka Goa anatafuta feni kama anayekwenda Jalisco anavyotafuta tequila. Hakuna tofauti ya tunda kati yao na sisi. Tofauti ni kwamba wao waliliandikia bibo mstari wake.

Naandika haya nikijua kwamba Nachingwea imewahi kuandikiwa mistari na watu wa mbali. Mwaka 1947 mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza ulianza Kongwa, kisha ukafika hadi Urambo na Nachingwea. Matrekta yalishushwa, vifaru vya vita vikageuzwa kuwa mashine za kung'oa visiki, reli ikajengwa kutoka pwani hadi Nachingwea. Mapema mwaka 1951 mpango ulitupwa, ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Walipima kila kitu isipokuwa walichokuwa wanakijua Wamwera kuhusu udongo wao na mvua yao. Miaka zaidi ya 60 baada ya mpango huo kuanza, kuna mbegu ya karanga inayoitwa Nachingwea 2009, iliyotolewa na watafiti wetu kwa ajili ya wakulima wetu. Haikuhitaji vifaru. Ilihitaji watu waliokaa na mmea hadi wakauelewa.

Kwa hiyo sitaki bibo lifanyiwe mpango wa karanga wa pili. Tequila yenyewe inatoa onyo. Mwaka 2018 kampuni ya Bacardi iliimiliki Patrón yote, tequila yenye jina kubwa, katika mauzo yaliyoithamini kuwa dola bilioni 5.1, na fedha za namna hiyo hazipiti kwenye mikono ya anayekata majani ya mgave juani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ugonjwa uliteketeza mashamba mengi ya mgave, kwa sehemu kwa sababu mimea hiyo ilikuwa nakala zinazofanana mno. Jina linaweza kulindwa mbele ya dunia na mwenye jina akabaki masikini. Kulinda jina kuna maana iwapo anayeokota ni mwenye hisa, na kusini tunacho chombo cha kuanzia: vyama vya msingi vipo, vina maghala, vina madaftari, vina wanachama wanaojuana kwa sura. Chama kinachoweza kupokea gunia la korosho saa nne asubuhi kinaweza pia kupokea ndoo ya mabibo saa moja, kikiwa na mashine ya kukamua na mahali pa kuchemshia.

Wala si lazima kianze na pombe. Lindi ni mkoa wa misikiti mingi, na watu wengi wa Nachingwea na Ruangwa hawatagusa uraka mpaka wanaingia kaburini. Bibo ni lao pia. Sharubati iliyochemshwa na kufungwa vizuri, siki, jamu, mabibo yaliyokaushwa: hayo yote yanaweza kuketi mezani mwa shehe na mwa padri. Uraka wenye leseni na kipimo uwe wa anayeuhitaji, unaotengenezwa mchana na wanawake wanaojua saa ya kubadilika kwake, wakilipwa kama wataalamu, kwa sababu ni wataalamu.

Wapo watakaosema jina la mji mdogo haliwezi kufika mbali. Wawaulize wapenzi wa mpira. Namungo ni kijiji cha machimbo ya dhahabu katika wilaya ya Ruangwa. Mwaka 2019 timu yenye jina hilo ilipanda Ligi Kuu, na msimu wa 2020/21 ikacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Watangazaji wa nchi za mbali walijifunza kulitamka. Jina halikubadilishwa ili liwafae wao.

Simlaumu anayepanda ngazi za hoteli kutafuta ladha ya Meksiko. Nami nitapanda tena, kwa sababu nchi ile imeilisha sahani yetu kwa karne nyingi na inastahili kusherehekewa. Ninachotaka ni kwamba tujifunze kwake jambo lenyewe, tukiziacha dungusi kakati kwenye vyungu vyake. Watu wa mji wa Tequila hawakusubiri dunia iwaone kuwa wa maana ndipo waheshimu walichokuwa wanakunywa jioni kwao. Walianza kwa kukiheshimu wenyewe, wakakitungia sheria, wakakikagua, wakakitetea, na dunia ikafuata.

Nataka siku moja mhudumu kijana, huko juu au hapa Ruangwa, aseme, "Kaka, hii ni ya Nachingwea," aeleze mikorosho yake ilivyopuliziwa, msimu wake ulivyokuwa, mwanamke aliyeikamua ni wa kijiji gani. Na bei atakayoitaja, sehemu yake ya haki iwe imeshafika kwa yule aliyeinama alfajiri kuokota.